Kirusi Ambacho Hakipo: Kutambua Barua za Uzushi na Kuchagua Kinga ya Kompyuta ya Parokia



Ndugu wanakamati wa parokia, ndugu wafadhili na marafiki wetu wote, somo la robo hii linahusu kompyuta. Tunajua baadhi yenu mtageuza ukurasa mkisema kwamba hayo ni mambo ya katibu na vijana. Tunaomba msigeuze. Katika parokia nyingi tunazozifahamu kompyuta ni moja tu, imewekwa katika ofisi ya paroko au ya katibu, na ndani yake mna daftari la ubatizo lililochapwa upya, orodha ya watoto wa shule ya awali na ada zao, hesabu za mradi wa maji, na barua zote zinazokwenda kwa wafadhili. Anayeiharibu kompyuta hiyo anaharibu kumbukumbu za watu wengi ambao hawajawahi hata kuigusa.

Tuanze kwa kukiri kosa letu wenyewe. Mwaka 2002 ofisi yetu ilipokea barua pepe kutoka kwa mtu tuliyemwamini sana. Ilisema kwamba faili liitwalo jdbgmgr.exe, lenye picha ndogo ya dubu wa kuchezea, ni kirusi kinacholala siku 14 ndani ya kompyuta kabla ya kuamka. Kwamba programu za kinga haziwezi kukiona. Na kwamba kila mwenye kompyuta alitafute faili hilo, alifute, kisha awajulishe watu wote aliowahi kuandikiana nao. Tulitafuta, na kweli dubu tukamkuta. Tukamfuta kwa furaha, tukaituma barua ile kwa parokia zote zenye anwani na kwa wafadhili wetu wa ng'ambo. Kesho yake mfadhili mmoja alitujibu kwa upole kwamba faili lile ni la Windows yenyewe, limewekwa na Microsoft kwa ajili ya watu wanaotunga programu kwa lugha ya Java, na kwamba dubu huyo yumo katika kompyuta nyingi sana duniani bila kumdhuru mtu. Kwa bahati njema faili lile halikuwa na kazi kwa watu wa kawaida kama sisi, hivyo kompyuta haikudhurika. Tulibaki na aibu tu.

Lakini mambo hayakuishia kwenye aibu. Katibu wa parokia moja ya mbali, ambaye alikuwa akisafiri kwa basi kila baada ya wiki mbili kwenda mjini kusoma barua pepe katika intaneti kafe, alisoma onyo letu, kisha akasoma barua yetu ya pili ya kuomba radhi. Akaona kwamba hata ofisi kuu haijui lipi la kweli na lipi la uongo. Tangu siku ile akawa anafuta kila barua yenye kiambatisho, hata iliyotoka kwetu. Miezi mitatu baadaye tulimtumia fomu ya maombi ya kisima ikiwa imeambatishwa. Akaifuta. Muda wa kurudisha fomu ukapita, na kisima kikasubiri bajeti ya mwaka uliofuata. Akina mama wa kigango kile walichota maji mtoni mwaka mzima zaidi, na wala hapakuwa na kirusi chochote. Sababu ilikuwa barua moja tuliyoituma sisi kwa nia njema.

Tofauti ya kirusi na uzushi

Kirusi cha kompyuta ni programu, yaani mfululizo wa maagizo, iliyotungwa ili ijinakili yenyewe kutoka faili hadi faili na kutoka mashine hadi mashine. Barua ya uzushi haina programu ndani yake. Ni maneno matupu. Hata hivyo nayo hujinakili, ila hutumia mikono yetu. Mtu mmoja akiwatumia watu 10, na kila mmoja wao akawatumia wengine 10, mzunguko wa sita tayari ni watu milioni moja. Kirusi hutafuta anwani ndani ya kompyuta. Uzushi hutafuta huruma na hofu ndani ya mwenye kompyuta. Kwa maana hiyo watu wa Kanisa ni shamba zuri kwa uzushi, kwa sababu tumezoea kuonyana na kujaliana.

Uzushi wa aina hii uliovuma sana mapema ni ule wa mwaka 1994 ulioitwa Good Times. Uliwaonya watu wasifungue barua yenye kichwa hicho, kwamba kuisoma tu kutafuta diski yote na hata kuharibu kichakato cha kompyuta. Wakati ule barua pepe zilikuwa maandishi matupu, na kusoma maandishi hakuwezi kuendesha programu yoyote. Lakini onyo lilizunguka kwa miaka mingi. Mwaka 2001 ukaja mwingine uliowataka watu wafute faili SULFNBK.EXE, ambalo kazi yake katika Windows 98 ni kurudisha majina marefu ya mafaili yanapoharibika. Mwaka 2002 akaja dubu wetu. Mwaka 2006 ikaja barua iliyosema kuna mwenge wa Olimpiki utakaounguza diski. Simu zilipochukua nafasi ya kompyuta, uzushi nao ukahamia huko: wengi wenu mmepokea kwa WhatsApp onyo la video iitwayo Ngoma ya Papa, kwamba ukiifungua itafuta kila kitu kwenye simu. Video ya namna hiyo haipo.

Pamoja na hayo yote, virusi vya kweli vipo, na hapo ndipo watu huchanganyikiwa. Machi 1999 kirusi Melissa kilisambaa ndani ya nyaraka za Word, kikijituma kwa anwani 50 za kwanza katika kitabu cha anwani cha mwenye kompyuta. Tarehe 4 Mei 2000 kilianza kuenea kutoka Ufilipino kirusi kilichoitwa ILOVEYOU. Kilikuja kama barua ya mapenzi yenye kiambatisho LOVE-LETTER-FOR-YOU.TXT.vbs. Windows ilikuwa ikificha herufi tatu za mwisho, hivyo watu wakadhani wanafungua maandishi, kumbe wanaendesha programu. Ikaandika juu ya picha zao na kujituma kwa kila mtu waliyemjua. Tazameni jambo moja hapo: barua ilitoka kwa mtu unayemfahamu. Ule ushauri wa zamani wa kutofungua barua za wageni hautoshi, maana kirusi huja kwa jina la rafiki.

Tuisome barua moja pamoja

Tumetunga barua ya mfano kwa ajili ya somo hili. Msiitume kwa mtu!

"ONYO!!! SOMA SASA HIVI. Jana mtaalamu wa kampuni kubwa ya kompyuta ametangaza kirusi kibaya kuliko vyote vilivyowahi kutokea. Ukipokea barua yenye kichwa SALAMU ZA PASAKA usiifungue kabisa. Itaunguza diski yako na hakuna dawa. Serikali ya Marekani imethibitisha. Wajulishe ndugu, marafiki na wanajumuiya wote leo hii. Usipofanya hivyo, hasara itakayowapata iko juu yako."

Anzeni na neno "jana". Jana ya lini? Barua haina tarehe. Itasomwa Januari na itasomwa Desemba, na kila mara itakuwa jana. Uzushi wa Good Times ulisema onyo lilitolewa Jumatano iliyopita. Ule wa Ngoma ya Papa ulisema redio BBC imetangaza leo. Onyo la kweli lina tarehe, kwa sababu aliyeliandika anajua kwamba kesho hali itabadilika.

Kisha mtazameni "mtaalamu". Hana jina, na kampuni yake haina jina. Wakati mwingine jina huwekwa, na huwa kubwa kweli, lakini halihusiki. Good Times ilitaja FCC, tume ya Marekani inayosimamia redio, televisheni na mawasiliano ya simu. Tume hiyo haikuwa na kazi ya kutangaza virusi, lakini ni nani kijijini au hata London angejua hilo? Uzushi hupenda jina linaloheshimika na lililo mbali, ambalo msomaji hawezi kulipigia simu.

Maneno "itaunguza diski na hakuna dawa" yanahitaji maelezo kidogo, kwa sababu hatutaki kuwafundisha kwamba kompyuta haiwezi kuharibiwa na kirusi. Inaweza. Kirusi CIH, kilichojulikana mwaka 1998 na kuamka tarehe 26 Aprili 1999, kilifuta data za diski na katika baadhi ya mashine kikaharibu ile programu ndogo inayowasha kompyuta. Lakini linganisheni: CIH kilikuwa na jina, tarehe yake ya kuamka ilijulikana, ilijulikana kwamba kinashambulia Windows 95 na 98, na watengenezaji wa programu za kinga walikuwa wameshatoa dawa yake. Barua ya uzushi haina hata kimoja cha hivyo. Ina vitisho tu.

Mwisho ni agizo la kuwatumia wote. Hii ndiyo alama kubwa kuliko zote, na kama mtasahau mengine yote katika somo hili, shikeni hii. Kampuni zinazotengeneza programu za kinga hutangaza virusi kwenye kurasa zao na kupeleka dawa moja kwa moja kwenye kompyuta za wateja wao. Hazimwombi katibu wa parokia awe tarishi wao. Na pale barua inapoongeza kwamba usipoituma hasara iko juu yako, hapo imeshaacha kuonya na imeanza kulazimisha dhamiri yako, kama zile barua za mnyororo za zamani zilizoahidi baraka kwa atakayenakili mara saba na balaa kwa atakayeitupa. Mapadre walizikemea zile mimbarini. Hizi ni ndugu zao.

Kuna jambo moja linalofanya kazi hii isiwe rahisi. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilizunguka barua za uzushi zilizotisha watu kuhusu kadi za salamu za mtandaoni. Halafu mwaka 2007 programu mbaya iliyoitwa Storm ikaanza kweli kuja kwa njia ya barua zilizojifanya kadi za salamu, zenye kiungo cha kubonyeza. Uzushi ukawa umekaa jirani na ukweli. Kwa hiyo kusema "hiyo ni uzushi tu" kwa kila kitu nako kuna hatari yake. Barua ya onyo msiisambaze. Kiambatisho au kiungo msichokitarajia msikifungue mpaka mmemuuliza aliyekituma. Hizi ni kanuni mbili tofauti na zote mbili zinahitajika. Yule katibu wetu wa kisima alikosa ile ya pili: badala ya kutuuliza, alifuta. Nasi hatukuwa tumemfundisha.

Onyo likifika, fanyeni hivi

Kila parokia iteue mtu mmoja wa kupokea maonyo. Si lazima awe fundi. Awe mtulivu tu. Mwanajumuiya akipata onyo, alipeleke kwa huyo mmoja, si kwa kundi zima la WhatsApp. Yeye achukue sentensi moja ya barua hiyo, aiandike katika mtambo wa kutafutia, na mara nyingi atakuta kwamba imeshajadiliwa miaka kumi iliyopita. Tovuti ya Snopes imekuwa ikichambua uzushi tangu miaka ya 1990. Kwa Afrika kuna Africa Check iliyoanzishwa mwaka 2012, na PesaCheck ambayo huchapisha pia kwa Kiswahili. Faili lolote ambalo barua inawaagiza mlifute, msilifute mpaka mmejua ni la nini.

Aliyewatumieni uzushi mjibuni yeye peke yake, kwa upole kama tulivyojibiwa sisi. Kumkosoa mbele ya kundi zima kutamfanya siku nyingine anyamaze hata anapoona hatari ya kweli. Na kama ninyi ndio mlioutuma, ombeni radhi mara moja, kwa mistari miwili, kwa watu walewale. Sisi mwaka 2002 tuliandika kurasa mbili za kujieleza, tukataja majina ya mafaili mengine matatu ambayo ni salama, na watu kadhaa wakaelewa kwamba hayo matatu nayo wayafute.

Kuchagua programu ya kinga

Sasa tuje kwenye swali ambalo kamati nyingi zimetuuliza: tununue ipi?

Kwanza mjue jinsi inavyofanya kazi. Programu ya kinga ina orodha ya alama za virusi vinavyojulikana, kama polisi wenye picha za wahalifu, na kila faili linapofunguliwa hulilinganisha na orodha hiyo. Za kisasa huangalia pia mwenendo: programu inayoanza ghafla kubadilisha mamia ya mafaili hutiliwa shaka hata kama picha yake haimo. Kutokana na hayo mtaona kwamba programu isiyosasishwa ni mlinzi mwenye picha za mwaka juzi. Tumezikuta parokia zilizojivunia kinga ya bei kubwa ambayo muda wake ulikwisha siku nyingi, kumbe ilikuwa ya majaribio ya siku 30 tu iliyokuja na kompyuta. Kila asubuhi ilionyesha dirisha jekundu, na kila asubuhi katibu alilifunga.

Miaka ya nyuma kusasisha kulikuwa mzigo kweli. Kabla kebo ya SEACOM haijafika pwani ya Afrika Mashariki mwaka 2009, intaneti yetu nyingi ilipitia setilaiti, ghali na polepole, na sisi tulikuwa tukibeba masasisho kwenye flashi kutoka parokia hadi parokia. Leo kikwazo ni gharama ya bando. Tunazishauri kamati ziandike bando la kusasisha katika bajeti kama zinavyoandika mafuta ya taa ya umeme inapokatika, maana kama halimo katika bajeti halitanunuliwa. Panapokosekana mtandao kabisa, Microsoft huruhusu faili la masasisho ya kinga yake lipakuliwe mahali pengine na kuletwa kwa flashi.

Hapo tumeshaitaja kinga ya Microsoft. Tangu Windows 8 iliyotoka mwaka 2012, kinga hiyo imo ndani ya Windows yenyewe, na katika Windows 10 na 11 inaitwa Defender. Hailipiwi, na parokia inaruhusiwa kuitumia. Kwa ofisi yenye kompyuta moja au mbili, ushauri wetu ni huo: hakikisheni imewashwa, inasasishwa, na msinunue kitu kingine mpaka mmeona sababu. Tunajua ushauri huu hautawafurahisha wauzaji wa mjini.

Mkiona sababu ya kununua, au kompyuta ni nyingi, someni matokeo ya majaribio ya watu wasiouza programu hizo. AV-TEST iko Magdeburg, Ujerumani. AV-Comparatives iko Innsbruck, Austria. Na jarida la Virus Bulletin la Uingereza limekuwa likitoa cheti cha VB100 tangu mwaka 1998. Msiangalie tu ni virusi vingapi vimekamatwa, maana zinazoongoza hukaribiana sana. Angalieni ni mara ngapi programu imelikamata faili lisilo na hatia, na inaifanya kompyuta ya zamani kuwa nzito kiasi gani. Kompyuta zetu nyingi ni za zamani.

Programu za bure za kampuni nyingine zina masharti. Nyingi zimeruhusiwa kwa matumizi ya nyumbani peke yake, na ofisi ya parokia si nyumbani. Ulizeni pia kampuni inapata wapi pesa zake. Mwaka 2024 tume ya biashara ya Marekani, FTC, iliitaka kampuni ya Avast ilipe dola milioni 16.5 kwa madai kwamba ilikusanya na kuuza, kupitia kampuni yake tanzu iliyofungwa mwaka 2020, taarifa za kurasa ambazo watumiaji wake walizitembelea. Na mfadhili aliyezoea kutununulia leseni Marekani ajue kwamba mwaka huohuo 2024 nchi hiyo ilipiga marufuku uuzaji wa programu za Kaspersky.

Mashirika yasiyo ya faida yanaweza kupata leseni kwa bei nafuu kupitia TechSoup, ambayo mizizi yake ni ya mwaka 1987. Maombi yanahitaji cheti cha usajili cha shirika, hivyo parokia zipitie jimbo.

Msiweke programu mbili za kinga kwa pamoja. Zitatiliana shaka na kompyuta itakwama. Msinunue ile "iliyofunguliwa" kwenye CD au flashi ya mtaani. Achilia mbali kwamba ni wizi, huo ufunguo wa bandia mara nyingi ndio wenye kirusi. Na dirisha likitokea ghafla mtandaoni likisema limekuta virusi 300 katika kompyuta yenu na kuomba malipo, hilo lenyewe ni utapeli; limekuwa likiwaibia watu tangu miaka ya 2000, na ni mtoto halali wa barua ya dubu, isipokuwa yeye anadai pesa.

Flashi inastahili aya yake. Kirusi Conficker, kilichogunduliwa Novemba 2008, kilienea pia kupitia flashi, na hadi leo njia hiyo haijafa. Flashi ya parokia hutoka ofisini, huenda duka la stesheneri kuchapisha matangazo ya Jumapili, hurudi na mafolda yaliyogeuka kuwa njia za mkato zisizofunguka. Wekeni flashi moja ya kwenda nje, isiyo na kitu kingine chochote, na ichunguzwe kila inaporudi.

Kinga nayo hukosea

Tungekuwa tunawadanganya kama tungesema programu nzuri inatosha. Tarehe 21 Aprili 2010 sasisho la McAfee lilidhani faili muhimu la Windows XP ni kirusi, likaliondoa, na kompyuta nyingi zikashindwa kufanya kazi. Tarehe 19 Julai 2024 sasisho la kampuni ya CrowdStrike liliangusha kompyuta za Windows takriban milioni 8.5 duniani, viwanja vya ndege vikasimama. Na tarehe 12 Mei 2017 programu ya WannaCry ilifunga mafaili katika nchi zaidi ya 150 na kudai fidia ya dola 300, zikiwemo hospitali za Uingereza, ingawa Microsoft ilikuwa imetoa kiraka cha tundu lile tarehe 14 Machi, karibu miezi miwili kabla. Waliosasisha Windows walikuwa na kinga dhidi ya tundu hilo.

Ndiyo maana tunasisitiza nakala za akiba kuliko jina la programu. Kila Ijumaa katibu anakili hesabu, daftari na barua kwenye diski ya nje, aichomoe, na mwekahazina aende nayo nyumbani. Ikibaki imechomekwa, kinachofunga mafaili ya kompyuta kitayafunga na yale ya diski.

Kwa wafadhili wanaotuletea kompyuta zilizotumika, tunashukuru sana, na tunaomba jambo moja. Microsoft iliacha kuisasisha Windows XP tarehe 8 Aprili 2014, na masasisho ya kawaida ya bure ya Windows 10 yaliisha tarehe 14 Oktoba 2025. Kompyuta isiyoweza kubeba Windows 11 bado inaweza kufanya kazi kwa Linux, lakini tuambiwe mapema, kabla haijapakiwa kwenye kontena, ili tujue nani ataipokea na nani atamfundisha.

Barua ambayo programu haiioni

Kuna barua moja ambayo hakuna kinga ya kompyuta inayoikamata, kwa sababu haina kirusi na haina kiambatisho. Inaonekana imetoka kwa paroko au kwetu, inamshukuru mfadhili kwa jina lake, kisha inasema akaunti ya benki imebadilika, michango sasa ipelekwe kwenye namba ifuatayo. Jina la mtumaji katika barua pepe ni rahisi kughushi. Kirusi Klez kilikuwa kikifanya hivyo chenyewe mwaka 2002. Ofisi yetu haibadilishi namba ya akaunti kwa barua pepe wala kwa WhatsApp. Mfadhili akipokea barua ya namna hiyo atupigie kwa namba aliyokuwa nayo tangu awali, asitumie iliyoandikwa ndani ya barua. Parokia nazo zifanye vivyo hivyo zinapopokea "maagizo mapya" kutoka kwetu. Hatutachukia kuulizwa.

Kwa mkutano ujao wa kamati

Mwenyekiti aisome kwa sauti ile barua ya Salamu za Pasaka, na wanakamati waseme alama wanazozisikia kabla ya kurudi kwenye somo. Kila mmoja atafute pia katika simu yake onyo moja alilowahi kutumiwa, alisome, na wengine walipime. Mtacheka, tunawahakikishia.

Kisha nendeni wote kwenye kompyuta ya parokia. Angalieni tarehe ya sasisho la mwisho la kinga na muiandike kwenye kumbukumbu za kikao. Halafu mwombeni kijana mmoja apakue faili la majaribio la EICAR kutoka tovuti ya EICAR yenyewe. Ni maandishi ya herufi na alama 68 tu, hayana madhara yoyote, lakini watengenezaji wa programu za kinga wamekubaliana kuyachukulia kama kirusi ili watu waweze kupima. Kinga ikiwa hai itapiga kelele mara moja. Ikikaa kimya, mpigieni fundi simu kabla hamjafunga mkutano kwa sala.